Sheki ya uongo: ni nani anayebeba hasara?

Tulipokea ujumbe wa mama mmoja wa kwetu ambaye anaishi Marekani tangu alipotoka katika kambi ya wakimbizi. Hatutamtaja jina wala mji. Mtu aliyejiita mfadhili alimtumia sheki ya dola 3,000. Alisema dola 1,000 ni mchango wa mabati kwa kanisa letu huku mashariki, na dola 2,000 zitumwe haraka kwa muuza vifaa vya ujenzi. Mama aliweka sheki benki. Kesho yake kutwa aliona pesa katika akaunti, akauliza dirishani, akaambiwa, "Ndiyo, pesa iko." Akatuma zote mbili. Baada ya siku tisa sheki ikarudi: ilikuwa ya uongo. Benki ikaondoa dola 3,000. Akaunti iliyokuwa na dola zake 400 sasa inadaiwa 2,600.

Anatuuliza: hasara hii ni ya nani? Ya benki iliyosema pesa iko? Ya mwizi? Au ni yangu mimi?

Tunajua kwamba si yeye peke yake. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2024, Wakongo walikuwa miongoni mwa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, na wengi wao walitoka katika mikoa yetu. Waliingia katika nchi ambako sheki bado inatumika, wakati huku wengi wetu hatujawahi kushika hata moja. Na wizi wa sheki umeongezeka huko. Mwaka 2022 benki za Marekani zilitoa kwa serikali ripoti zaidi ya 680,000 za sheki zenye mashaka, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia.

Pesa inayoonekana bado haijalipwa

Sheki si pesa. Ni barua ambayo mtu anaiamuru benki yake imlipe mwingine. Unapoiweka katika benki yako, benki hiyo inapaswa kuipeleka kwa benki ya mwandishi na kudai malipo. Mpaka benki ya mwandishi ilipe, wewe hujapata kitu.

Kwa nini basi pesa inaonekana mapema? Ni kwa sababu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1987. Zamani benki zilikaa na pesa za watu siku nyingi, zikisema sheki bado inachunguzwa. Sheria ikaziwekea mipaka: sehemu ya kwanza, ambayo tangu Julai 2025 ni dola 275, itolewe siku ya kazi inayofuata, na sehemu kubwa ya iliyobaki siku ya pili, isipokuwa pale sheria inaporuhusu kungoja zaidi. Sheki iliyoandikwa na benki yenyewe, ikiwekwa mkononi mwa karani, inatolewa upesi zaidi. Ndiyo maana wezi wanapenda kuiga sheki za namna hiyo.

Kwa hiyo sheria iliyotungwa ili kumsaidia mteja ndiyo inayompa mwizi nafasi. Pesa inatoka kwa siku mbili, lakini uongo unaweza kujulikana baada ya wiki. Wakati mwingine wezi huchanganya makusudi nambari zilizo chini ya sheki, ili itangetange kutoka benki hadi benki kabla ya kurudi. Karani aliyesema "pesa iko" hakusema uongo. Alisema unaweza kuitoa. Hakusema kwamba sheki imelipwa.

Ndugu zetu wanaotumia benki huku wanalijua jambo hili kwa Kifaransa: sheki hupokelewa "sauf bonne fin", yaani kwa sharti kwamba malipo yatafika. Yasipofika, benki inarudisha hesabu nyuma.

Sheria inagawa hasara namna gani

Kuna watu wanne: mwizi, mtu ambaye jina lake limeibwa, benki yake, na yule aliyeweka sheki. Mwizi ndiye mwenye kosa, lakini mara nyingi haonekani. Hasara inabaki kwa wasio na kosa, na sheria inapaswa kuchagua.

Mwenye akaunti ambaye sahihi yake imeigwa, kwa kawaida halipi. Lakini ana wajibu wa kusoma taarifa za akaunti yake na kutoa habari mapema. Akinyamaza mwaka mzima, anapoteza haki yake.

Benki yake ikiwa imekwisha kulipa sheki yenye sahihi ya kuiga, mara nyingi hasara ni yake. Kanuni hii ni ya zamani. Mwaka 1762, huko Uingereza, Price alilipa hati mbili za pauni 40 kila moja, kisha akagundua sahihi zilikuwa za uongo. Alitaka Neal, aliyepokea pesa bila hila, azirudishe. Jaji Lord Mansfield alikataa: kuijua sahihi kulikuwa kazi ya yule aliyelipa.

Je, kanuni hiyo haimwokoi mama yetu? Hapana, kwa sababu sheki yake haikulipwa kamwe. Benki iliyoandikwa juu yake iliikataa na kuirudisha. Pesa aliyoitoa ilikuwa kama mkopo wa benki yake mwenyewe, na mkopo unadaiwa kwa aliyeuchukua. Tena alizituma pesa kwa mkono wake mwenyewe. Sheria ya kule inamlinda mtu ambaye pesa zake zimetumwa na mwingine bila ruhusa. Aliyetuma mwenyewe kwa kudanganywa, mara nyingi haimrudishii.

Vijana wetu wasikie pia jambo lingine. Mwisho wa Agosti 2024 video zilienea katika TikTok, zikisema mashine za benki moja kubwa zinatoa pesa za bure: weka sheki yoyote, kisha toa pesa kabla haijakaguliwa. Huo haukuwa ujanja wala baraka. Ulikuwa wizi, na Oktoba mwaka ule benki hiyo, JPMorgan Chase, ilianza kuwapeleka watu mahakamani.

Na sisi tuliopokea?

Hapa ndipo jambo linatugusa. Mwisho wa Januari 2025 benki zilifungwa huko Goma, na Februari huko Bukavu. Familia na makanisa mengi yameishi kwa pesa za simu kutoka kwa ndugu walio ng'ambo. Pesa ikifika inatolewa saa ileile, inakuwa unga, dawa, karo ya shule. Sheki ikirudi huko, huku hakuna cha kurudisha.

Dola 1,000 za mama yule leo ni mabati juu ya kanisa. Wazee wanasema, "Tulipokea kwa moyo safi." Ni kweli, na hakuna hakimu atakayekuja kubomoa paa. Lakini hatuoni kwamba neno hilo linatosha. Sadaka ile haikutoka kwa mfadhili. Imetoka katika mshahara wa mama anayesafisha vyumba usiku, na ambaye atalipa miezi mingi. Dola 2,000 zimekwenda na mwizi. Zile 1,000 ziko kwetu, tunakaa chini yake mvua inaponyesha.

Tunajua hali ya sadaka zetu wakati huu wa vita. Hatusemi zilipwe kesho. Tunasema ziandikwe katika kitabu cha hazina kama deni, washirika waambiwe wazi, na kila mwezi kitu kidogo kiende kwake.

Na kabla halijatokea tena, tukumbuke. Tusiwasukume ndugu zetu na "tuma leo." Mfadhili anayetoa sheki kisha anaomba sehemu yake ipelekwe kwa mtu mwingine, ni wa kuogopwa. Mtu asiulize benki "pesa iko?" bali "sheki imelipwa kabisa?" Apigie simu benki iliyoandikwa juu ya sheki, kwa nambari aliyoitafuta mwenyewe. Likimpata, aiambie benki yake na polisi siku hiyohiyo, atunze bahasha na ujumbe wote, na aombe kulipa kidogo kidogo. Asikimbilie benki nyingine, maana zina kumbukumbu za pamoja.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, watu walikuwa wakikata miti ya kujenga nyumba, na shoka la mmoja wao likaanguka mtoni. Alilia kwa sababu lilikuwa la kuazima. Elisha hakumwuliza kwa nini hakuwa mwangalifu. Alimwuliza limeangukia wapi. Mama yetu naye alikuwa akijenga nasi, na shoka lake ni la kuazima. Sisi tunajua limeangukia wapi.