Onyo Lazima Liaminike

Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la matope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka. Matope na maji yalifunika nyumba na mashamba ya wananchi wa vijiji vya jirani, Nyenze kikiwamo. Hakuna aliyekufa. Hata hivyo, mkulima aliyepoteza shamba lake ana haki ya kuuliza: je, siku nyingine nitaonywa na nani?

Siku hizi zipo mashine za akili mnemba ziwezazo kuchungua picha za setilaiti na vipimo vya maji yanayopenya ukutani, usiku na mchana bila kuchoka. Ndugu zetu wa visiwani wanazihitaji kadhalika. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwezi wa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutangaza onyo. Sisi twaiunga mkono elimu hiyo.

Lakini twasema wazi: kengele ambayo kila mtu aweza kuipiga si kengele. Tarehe 13 Januari 2018 wananchi wa visiwa vya Hawaii waliambiwa kwa simu kwamba kombora linawajia. Lilikuwa kosa la mtumishi mmoja, na dakika 38 zilipita kabla ya simu kusahihishwa. Mwezi wa Aprili 2017, mjini Dallas, wahalifu waliingilia mitambo wakaviliza ving'ora 156 usiku wa manane. Mtu aliyeamshwa bure mara mbili, mara ya tatu haamki. Na huenda ya tatu ndiyo ya kweli.

Kwa hiyo yapasa mambo matatu. Kwanza, mashine ichungue, lakini onyo lithibitishwe na watumishi wawili wenye dhamana, tena upesi, maana maji hayangoji muhuri. Pili, vipimo vilindwe visichezewe, wala visiwe siri ya mwenye mgodi; serikali ya kijiji ivione. Tatu, onyo lisitegemee simu peke yake. Litolewe kwa redio, kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa ngoma, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Na watu wazoezwe njia ya kukimbilia kabla ya mvua kuanza.

Twawataka wanachama wenzetu wa migodini, toka Kishapu hata Geita, wayadai haya. Mfanyakazi anayeona ufa ukutani aseme, na anayesema asiadhibiwe. Mashine ni mtumishi wetu; dhamana ya maisha ya watu ni yetu wenyewe.