Anayemtunza Mzee Naye Huchoka

Mzee akifika hospitali sote twamwuliza hali yake. Binti aliyemleta hatumwulizi. Yeye hukaa pembeni na kikapu chake, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Hapa Lukafu twamjua. Huteka maji alfajiri, hupika bukari, humwosha mama yake, huenda shambani, hurudi mbio. Usiku humgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya mgongo. Kaka zake wako Lubumbashi na Likasi. Hutuma fedha, kisha hufikiri kazi yao imekwisha. Mimi sikubali. Fedha hununua sabuni na dawa, usingizi hainunui. Waje kwa zamu, hata juma moja wakati wa kiangazi, nao wanaume wajifunze kumgeuza mama yao.

Wewe unayetunza, ukiona usingizi hauji hata mzee akilala, kichwa chauma, moyo wapiga mbio, nenda ukapimwe tansio. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi siku mbalimbali, yataka matibabu. Tena angalia hasira yako.

Mzee anayeuliza neno lile lile mara kumi, anayetoka usiku, anayemwita binti yake mwizi wa chumvi, huenda ana ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye ugonjwa wa namna hiyo mwaka 2021, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri. Si uchawi. Lakini mtu aliyekesha majuma matatu, akisikia jirani akisema, “Huyu hutoka usiku kwenda kuloga,” yuko tayari kuamini. Hivyo ndivyo wazee hufukuzwa nyumbani kwao.

Usibishane naye. Mjibu kwa ufupi, umpe maharagwe achambue. Usimfunge kamba. Vidonge vya usingizi vya sokoni usimpe; humlewesha, huanguka, huvunjika nyonga. Akichanganyikiwa kwa ghafula, kwa siku moja au mbili tu, mlete upesi: yaweza kuwa malaria, au ugonjwa wa njia ya mkojo, navyo vina dawa.

Mkono ukitaka kumpiga, toka nje, umwite jirani akae naye. Nanyi mama wa kanisa mnaokwenda kuwaombea wagonjwa, baada ya sala mmoja wenu abaki mpaka jioni, binti apate kulala.