Benki yangu inaiamini simu chakavu kuliko laptopu yangu

Benki yangu inaniamini nikiwa na simu ya Android 8 niliyoinunua kwa mtu pale stendi ya Bukoba, simu yenye kioo cha nyufa ambayo haijapokea sasisho hata moja la usalama tangu iwe yangu. Laptopu yangu ya dukani haiiamini, ingawa husasishwa kila wiki na diski yake imefungwa kwa nywila ninayoijua mimi peke yangu. Programu ileile ya benki nikiifungua kwenye simu hiyo inanisalimu kwa jina. Kwenye laptopu inaniambia kifaa changu hakikidhi masharti ya usalama, kisha inajifunga.

Nilifundisha hisabati sekondari mpaka nikastaafu, na sasa nina steshenari hapa Kaagya. Kazi zake mnazijua: kopi, picha za pasipoti, kadi za harusi, barua za kuomba kazi, na fomu za mikopo ya wanafunzi msimu wake ukifika. Laptopu ni ThinkPad ya mtumba. Ilikuja na Windows 10, mfumo endeshi ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo iliikataa, eti prosesa ni ya zamani. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, kibodi haina kasoro, betri inavumilia umeme ukikatika. Kuitupa ilikuwa dhambi. Nikaiwekea Ubuntu, mfumo huria wa ukoo wa Linux ambao haulipiwi hata senti. Printa inachapa kama zamani, na vile virusi vilivyokuwa vinaingia na flashi za wateja sijaviona tena.

Zilibaki programu za simu. Macho yangu hayapendi tena kioo cha simu, na mambo mengi siku hizi yanatolewa kwa njia hiyo tu. Ndipo nikaifahamu Waydroid, inayoendesha programu za Android ndani ya Linux.

Si jambo la kiini macho. Android yenyewe imejengwa juu ya kerneli ya Linux, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Maana yake simu janja iliyo mfukoni mwako na laptopu iliyo mezani kwangu zina kiini kimoja. Njia ya zamani ya kuendesha programu za simu kwenye kompyuta ilikuwa kuigiza simu nzima, pamoja na prosesa yake, na mashine ya wastani ilikuwa ikihema. Waydroid inafanya kama mwenye nyumba anayepangisha chumba: mpangaji ana mlango wake na vyombo vyake, ila msingi na bomba la maji ni vya nyumba ileile. Aliyepangishwa humo ni LineageOS, toleo huria la Android. Unaandika amri ya kuiandaa, unaacha faili za mfumo zishuke (ni kubwa, subiri bando la usiku), kisha linafunguka dirisha, na ndani yake iko skrini ya simu, na alama zake zote, katikati ya eneokazi la kompyuta. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu dukani.

Nilianza na Biblia na daftari la mahesabu, zote za bure. Maandishi makubwa, kibodi ya kweli, na nikinakili kitu upande wa simu nakibandika kwenye barua ya mteja upande wa kompyuta. Mwalimu mmoja niliyefundisha naye alipoiona alifikiria projekta mara moja: programu ya baiolojia iliyokuwa ikizungushwa darasani kwenye simu moja, kila mwanafunzi akichungulia, sasa ingeonekana ukutani.

Si kila kitu kinakubali, na nisingependa mtu anunue mashine kwa sababu ya makala hii halafu aje kunilaumu. Programu kadhaa zimeandikwa kwa prosesa za ARM pekee, za simu, wakati ThinkPad yangu ni ya Intel. Hizo zinahitaji kiongezo cha kutafsiri msimbo, nacho kinapunguza kasi. Kamera ni mgogoro. Iko programu iitwayo Tumaini, iliyotengenezwa na watafiti wa Bioversity na CIAT, inayotazama picha ya mgomba na kukisia ugonjwa. Kwa mkoa huu, ambao mnyauko uliingia vibanjani katikati ya miaka ya 2000 na kutulazimisha kung'oa migomba tuliyorithi kwa wazazi, hiyo si programu ya mchezo. Lakini mahali pake ni kwenye simu. Hakuna atakayebeba laptopu kibanjani mvua za vuli zikinyesha.

Kwa hiyo sidai kila programu ihamie mezani. Nadai pale mashine inapoweza na mwenyewe ninataka, asitokee mtu wa tatu wa kunikatalia.

Maana katika suala la benki mashine haikushindwa. Programu ilishuka, ikafunguka, ikaonyesha nembo. Kilichofuata ni kwamba iliiuliza Google kama kifaa hiki ni miongoni mwa vile ilivyovithibitisha. Huduma hiyo inaitwa Play Integrity, na mwenye programu ndiye anayeamua aitumie au asiitumie, na aitumie kwa ukali gani. Waydroid haina cheti cha Google. Jibu likawa hapana, na benki ikafunga mlango. Laptopu yangu haikukaguliwa kama ni salama. Iliulizwa tu kama imo kwenye orodha. Simu ya stendi imo, kwa hiyo inapita na nyufa zake.

Najua watakachosema. Watasema ni kwa ajili ya kuwalinda wateja, kwamba mwizi anaweza kuichezea programu ndani ya mfumo ulio wazi. Hoja hiyo siidharau. Wapo wanaofungua simu za bandia mia kwenye kompyuta moja kwa nia mbaya. Lakini nimekaa kwenye duka hili nikisikiliza vilio vya waliotapeliwa, na wizi ninaoujua mimi unaanza na ujumbe mfupi: "ile hela tuma kwa namba hii." Unafuata sauti ya mtu anayejiita ofisa wa huduma kwa wateja. Ujumbe huo unamfikia mwenye kitochi na mwenye simu ya milioni mbili kwa usawa, na cheti cha Google hakijawahi kuuzuia. Tulisajili laini zote kwa alama za vidole, kazi iliyoanza Mei 2019, na Januari 2020 zikaanza kuzimwa ambazo hazikusajiliwa. Ujumbe bado unakuja.

Na tusisahau tulikotoka. M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, mlango wake ulikuwa nyota mia moja hamsini. Mpaka leo ukibonyeza *150*00# hakuna anayekuuliza simu yako ni ya kampuni gani, imechakaa kiasi gani, au kama kuna ofisi California inayoitambua. Ina laini? Unayo namba ya siri? Pita. Mkulima wa Kaagya aliweza kupokea hela ya kahawa kwa simu ya elfu ishirini kwa sababu walioujenga mlango ule hawakuweka masharti juu ya chombo. Programu za simu zimetuletea rangi na picha, na kimyakimya zikatuletea masharti ambayo kitochi hakikuwa nayo.

Msimu wa kahawa uliopita mzee mmoja, mwanachama wa chama cha msingi, aliiona Waydroid imefunguka mezani kwangu. Akasogeza kiti.

"Mwalimu, waitu, humo ndani si kuna simu? Nifungulie basi nione kama hela imeingia."

"Hata ingekubali, mzee wangu, namba yako ya siri haiingii kwenye mashine ya duka."

Akatoa kitochi chake, akabonyeza nyota, akaangalia salio mwenyewe, akaondoka akipiga mluzi. Naweka jambo hili hapa ili mtu asielewe kwamba nataka steshenari zigeuke matawi ya benki. Akaunti ninayoizungumzia ni yangu, na mashine ninayoizungumzia ni yangu.

Katika hili Serikali imewashinda mabenki, na mimi si mwepesi wa kuisifu. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu nayajaza kwenye kivinjari. Maombi ya Sekretarieti ya Ajira, kivinjari. Namba ya malipo ya Serikali mteja anailipia kwa mtandao wowote wa simu au kwa benki, hata kwa kitochi. Mwaka mzima napokea watoto wa watu wenye shida za kila aina kwenye mifumo hiyo, mingine inalemewa siku ya mwisho ya maombi mpaka tunakesha, ila haijawahi kutokea hata siku moja nikaambiwa kompyuta yangu si ya aina inayotakiwa.

Wapo wanaoona Linux ni mambo ya wageni na ya vijana wa Dar wasio na kazi. Wanasahau kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na hakuna aliyeombwa ruhusa. Faida hiyohiyo naiona kwenye Waydroid. Microsoft nayo ilileta njia yake ya kuendesha programu za Android ndani ya Windows 11 mwaka 2021. Tarehe 5 Machi 2025 ikaifunga, na waliokuwa wakiitegemea hawakuwa na la kufanya. Anbox, mradi huria uliotangulia, nao ulikufa. Tofauti ni kwamba Waydroid ilikuwa imekwisha kuchipuka kutoka humo, kwa vile msimbo ulikuwa umeachwa wazi kwa yeyote wa kuuendeleza.

Sasa, benki ifanye nini? Haina haja ya kuondoa ulinzi wote. Katika pesa za simu tumezoea viwango, kwamba kwa siku huwezi kutuma zaidi ya kiasi fulani. Basi kifaa kisicho na cheti kiruhusiwe kuangalia salio, kuchukua taarifa ya akaunti na kulipa kiasi kidogo, na makubwa yathibitishwe kwa namba inayotumwa kwenye laini yangu iliyosajiliwa kwa kidole changu. Au wanipe tovuti inayofanya kila kinachofanywa na programu, nami nitaachana na Waydroid kwa mambo ya benki na kuiachia Biblia na projekta ya yule mwalimu. Benki Kuu nayo, inayotoa miongozo kwa watoa huduma hizi, ingeweza kuwauliza swali jepesi: kabla ya kumkataa mteja, mmekikagua chombo chake au mmesoma orodha tu?

Nimeiandikia benki yangu barua yenye maombi hayo, kurasa mbili, nakala kwa meneja wa tawi. Aliisoma nikiwa nimeketi mbele yake, akagonga muhuri wa kupokelewa, akasema maamuzi ya namna hiyo yanafanyika makao makuu.