Mtoto wa mbele ya wakati: macho yake yalindwe tangu siku ya kwanza

Mtoto anazaliwa kwa miezi 6 na nusu, uzito gramu 1200. Anawekwa ndani ya kuveze, anapewa oksijeni, anapona, jamaa inashukuru Mungu. Miezi kisha, mama anaona mtoto hafuati mwangaza wa taa. Majirani wanasema ni uchawi. Hapana: ni ugonjwa unaojulikana, na mara nyingi unaweza kuzuiwa.

Ulielezwa Marekani mwaka 1942. Mtoto akizaliwa mapema sana, mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho haijakomaa. Oksijeni ikizidi, inasimama kukua. Kisha inaota vibaya na kuvuta ngozi ya ndani ya jicho hadi ibanduke. Mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950, alipofuka hivyo.

Lakini oksijeni si chanzo pekee. Mtoto anayekawia kuongeza uzito katika wiki za kwanza yuko katika hatari zaidi, maana homoni inayokuza mwili inasaidia pia mishipa ya jicho. Ndiyo sababu maziwa ya mama, yakikamuliwa mapema na kupitishwa tone kwa tone kwenye mrija mdogo, ni kinga. Na mama anayelala chini kwenye korido, akingojea jamaa ilete bugali, atakamua nini?

Wako wanaosema: inchi iko vitani, tuokoe uhai kwanza, macho baadaye. Hesabu hiyo si sawa. Kupima uzito kila siku, kulisha mama, kubeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá mwaka 1978, na kufuata oksijeni kwa kifaa kidogo kinachofungwa mguuni: kazi hizo zinalinda uhai na macho pamoja.

Kunabaki muganga wa macho. Anapaswa kumwangalia mtoto karibu na wiki ya 4 kisha kuzaliwa, wakati ambapo wengi wamekwisha kurudi nyumbani. Ugonjwa ukionekana mapema, matibabu ya leza yanaweza kuusimamisha. Ukichelewa, macho hayarudi.

Mwaka 2023 serikali ilianzisha uzazi bila malipo, ikianzia Kinshasa. Hatua nzuri. Sasa kila mtoto wa mbele ya wakati, Goma ao Lubumbashi, atoke hospitali na tarehe ya kupima macho ikiwa imeandikwa kwenye kitabu chake, na malipo yake yasiwe mzigo wa mzazi.