Kodi ya miezi sita inalipwa na sufuria

MLANGO WA UANI
Na Rehema Ngalapi

Ukitaka kujua kama kodi ya nyumba imekaribia, usimuulize mwenye nyumba. Tazama kinachoingia jikoni. Nyama ndiyo ya kwanza kuondoka, halafu mayai, halafu matunda ya watoto. Chai ya maziwa inageuka chai ya rangi. Wiki ya mwisho kabla mwenye nyumba hajapiga simu, familia inakula ugali na tembele, au dagaa kauzu wa kupima, siku zote saba, na mama anasema ameshiba hata kabla hajamaliza kupakua. Kodi ikishalipwa, watu wanalala kwa amani, lakini mfuko umekauka, kwa hiyo sahani inabaki vilevile wiki nyingine mbili au tatu mpaka mshahara uingie.

Nimekuwa mpangaji Dar es Salaam tangu nimalize chuo. Nimekaa Mabibo, nikahamia Sinza, sasa niko Kimara, na kote nimekuta hali hiyohiyo nyuma ya milango. Tunalalamikia bei ya chumba, na bei kweli imepanda. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 5,383,728 mkoani, milioni moja na ushei zaidi ya sensa ya 2012, na kila mmoja anahitaji pa kulala. Lakini kinachoharibu chakula chetu zaidi ni namna chumba kinavyolipiwa, na mambo ambayo chumba chenyewe hakimruhusu mpangaji kufanya.

Chukua mama wa watoto wawili, keshia wa duka, anayepokea shilingi 400,000 kwa mwezi. Amepata chumba na sebule Mburahati kwa 120,000. Kwa mwezi, hiyo ni chini ya theluthi moja ya mshahara wake, na mtu angesema anaimudu. Ila haombwi 120,000. Anaombwa miezi sita, yaani 720,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Jumla 840,000, zaidi ya mishahara yake miwili, kabla hajaingiza hata godoro. Hapo sijahesabu zile elfu kumi kumi alizotoa kwa madalali waliomzungusha kuangalia vyumba vilivyokwisha kuchukuliwa.

Hela hiyo hutoka wapi? Kwenye kikoba, kwenye upatu, kwa kaka, kwenye mkopo wa simu, na vyote vikishindikana, kwa wakopeshaji ambao mtaani tunawaita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na anayefuatilia wateja wao wanakopa kwa ajili ya nini atalikuta neno kodi mara nyingi. Marejesho ya mikopo hiyo ni ya kila siku au kila wiki. Na ndani ya nyumba, hela inayopatikana kila siku ni moja tu, hela ya mboga.

Huo ndio moyo wa jambo ninalolisema wiki hii. Mwenye nyumba anadai. Kondakta anadai. Shule inamrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Mkopeshaji anapigia simu hadi ndugu zako. Sufuria peke yake haina anayeidai, kwa hiyo kila pengo linazibwa kwa kuipunguzia.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na ushauri unaotolewa kwenye redio na semina za fedha, kwamba mwenye kipato kidogo aanze kubana matumizi ya chakula ili kodi ipatikane. Familia nyingi zimeshabana mpaka mwisho. Kliniki zetu zinawafundisha mama wajawazito habari ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, kwamba mwili na ubongo wa mtoto hujengwa hapo na ukichelewa huwezi kurudi nyuma. Ndani ya siku hizo 1,000, kodi ya miezi sita inadondoka mara tano au sita. Kila inapodondoka, mtoto anakosa yai kwa wiki kadhaa. Muuguzi anaandika kwenye kadi kwamba uzito hauongezeki, anamwambia mama aongeze vyakula vya kujenga mwili, na mama anaitikia, anajua fika ulikokwenda mtaji wa mayai hayo.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Mtu ambaye kodi imemkomba hanunui kitu kwa wingi. Simama kwenye duka la mtaani, kwa Mangi, saa kumi na mbili jioni uangalie. Mafuta ya kupima ya mia tano, yanamiminwa kwenye kikombe cha chai alichokuja nacho mtoto. Sukari robo. Unga nusu kilo kwenye mfuko wa nailoni. Sabuni kipande. Vitunguu viwili. Mkaa wa kopo. Kila kipimo kidogo kina faida ya muuzaji ndani yake, na simlaumu, naye ana kodi ya fremu. Lakini mwisho wa mwezi familia hiyo imenunua chakula chake kwa bei ya juu kuliko jirani mwenye gari aliyekwenda Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, akarudi na mikungu ya ndizi na sado za nyanya. Kama yule keshia angebaki na 600,000 mkononi kwa kulipa mwezi mmoja badala ya sita, angeweza kuchangishana na majirani watatu wakanunua gunia la mchele kwa bei ya jumla. Hesabu ya chakula chake chote ingebadilika.

Sasa niseme na vijana wa chumba kimoja, maana hao barua zao nazipata nyingi. Kijana amepata chumba Tandale kwa 80,000, anaona ameokoa. Asubuhi anakunywa supu na chapati moja, 2,000. Mchana anakula wali kwa mama ntilie, 2,500. Usiku anarudi amechoka, anachukua kiepe yai, 3,500. Hiyo ni 8,000 kwa siku, 240,000 kwa mwezi. Tumbo lake linalipa kodi ya vyumba vitatu kama hicho anacholala. Akijipikia asubuhi na usiku kwa 2,500, mihogo au uji, kisha ugali wa dona na maharage au dagaa, anaokoa 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi. Kodi imepatikana na chenji juu.

Simshambulii mama ntilie hapo. Wanawake hawa ndio wanaolilisha jiji hili, na sahani ya mama ntilie yenye ugali, maharage, mchicha na kipande cha papai ni mlo bora kuliko kiepe kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyochemka tangu asubuhi. Tena kumpikia mtu mmoja kwa mkaa mara nyingine ni ghali kuliko kununua kwake, kwa sababu yeye anawasha moto mmoja kwa ajili ya watu hamsini. Ninachowasihi vijana ni wale watu wawili au watatu wa korido moja wachange na kupika kwa zamu, kama walivyokuwa wakifanya wazee wetu walipokuja mjini kutafuta kazi bandarini na viwandani. Maharage yakipikwa Jumapili na kuungwa vizuri yanaliwa siku mbili. Na mchana waende kwa mama ntilie wakiwa na moyo mkunjufu.

Ila watapikia wapi? Nyumba ya Kiswahili mnaijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma. Ukipita korido hiyo saa moja jioni unaruka majiko. Kila mlango una jiko lake la mkaa au mtungi mdogo wa gesi, sufuria inachemka, mtoto anatambaa pembeni, moshi umeshika dari, na nguo za kazini zilizoanikwa zinanuka vitunguu. Mvua ikinyesha, ua haufai, wote wanabanana ndani. Na ubaoni, mlangoni kwa mwenye nyumba, kuna masharti: hairuhusiwi hita, hairuhusiwi jiko la umeme, friji lilipiwe zaidi. Mita ya LUKU ni moja kwa vyumba vyote sita, na ugomvi wa nani kala uniti hauishi.

Mita hiyo moja inawaumiza wote. Bei ya umeme ya mteja mdogo, shilingi 100 kwa uniti, imewekwa kwa anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Familia moja ya chumba kimoja ingeweza kukaa humo. Familia sita kwenye mita moja zinazipita bila shaka, kwa hiyo watu maskini wanalipa bei ya wasio maskini. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, macho ya mama yangu yameharibiwa na moshi. Lakini kwa mpangaji wa korido, kikwazo cha kwanza ni sharti lile la mlangoni. Kama wahusika wataziingia nyumba za kupanga na kumfungia kila mpangaji mita yake, sufuria ya umeme ya presha itachemsha maharage bila mtu kuchomwa na mkaa wala kugombana na jirani.

Wapo wanaokimbilia mbali, Chanika, Chamazi, Kibamba, kwa sababu chumba kimeshuka bei. Wanaondoka alfajiri saa kumi na moja, wanarudi saa tatu usiku, nauli mbili au nne kwa siku, na hawana nguvu ya kuchambua mchicha. Kilichookolewa kwenye kodi kinaishia kwenye daladala na kwenye chipsi za kituoni.

Narudi kwenye miezi sita, kwa sababu hapo ndipo pa kushika. Tuliwahi kuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya 1984 pamoja na mabaraza yake ya nyumba. Ikafutwa 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachwa waelewane wenyewe, mmoja akiwa na funguo na mwingine akiwa na mabegi barabarani. Siombi Serikali ipange bei za vyumba. Naomba sheria iseme kwamba nyumba ya kuishi italipiwa kwa mwezi, na amana isizidi mwezi mmoja. Nairobi hawana nyumba za bure, kodi zao zinauma, lakini mpangaji wa kule hulipa mwezi kwa mwezi baada ya kuweka amana, na soko la nyumba halijafa kwa hilo.

Wenye nyumba wana hoja, na wengi wao si matajiri. Nyumba nyingi za vyumba sita ni za wajane na wastaafu, na ule mkupuo wa miezi sita ndio wanaopigia plasta au kulipia ada ya mjukuu. Mama mmoja mwenye nyumba Mburahati, aliyekubali kupokea kodi kwa mwezi kwa njia ya simu, ameniambia wapangaji wake wanalipa vizuri zaidi kuliko zamani na hawahami ovyo. Shida yake ni mmoja aliyeondoka usiku akiwa na deni la miezi miwili. Alikwenda serikali ya mtaa, akaelekezwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akapiga hesabu ya nauli na siku za kusubiri, akaacha. Anachotaka ni utaratibu wa mtaani, wenye nguvu ya kisheria, utakaolimaliza deni dogo kama hilo ndani ya mwezi. Ameniambia akihakikishiwa hilo, atawashawishi wenye nyumba wenzake watano wa mtaa wake, na majina yao ameshanipa.