Ndovu Wakiondoka, Nani Anakulinda?



Kwenye nyanda za Laikipia kuna mgunga mfupi ambao miiba yake imevimba kwenye shina kama vitufe vyeusi vyenye matundu. Upepo ukivuma, mti unapiga mluzi. Ndani ya vitufe hivyo wanaishi sisimizi. Mti unawapa nyumba na maji matamu. Nao ndovu akigusa tawi, wanamiminika kumwuma mkongani mpaka aondoke. Aina nne za sisimizi hupigania miti hiyo.

Mwaka 1995, kule Mpala, watafiti walizungushia ua sehemu za uwanda huo ili ndovu, twiga na wanyama wengine wakubwa wasiingie. Mimi na wewe tungesema miti ya ndani imeokoka, sasa itanawiri.

Haikuwa hivyo. Matokeo waliyochapisha Todd Palmer na wenzake mwaka 2008 yalionyesha kuwa miti hiyo ilipunguza maji matamu na nyumba za sisimizi. Kulisha walinzi ni gharama, na adui hayupo tena. Walinzi wakadhoofika. Aina nyingine ya sisimizi, isiyohitaji vitufe hivyo kwa makao, ikateka miti mingi zaidi. Miti iliyokaliwa na hao ilitobolewa shina na wadudu, ikakua polepole, na kiwango chake cha kufa kikawa mara mbili ya ile yenye walinzi wa kweli.

Ndovu hakuingia. Mti ukaliwa kutoka ndani.

Mpendwa, naona jambo hili kanisani. Ulipokuwa huna kazi, hukukosa maombi ya Jumatano. Mtoto alipolazwa, akina mama walikesha nawe. Mungu akajibu. Sasa una mshahara, nyumba ina geti na mlinzi, na kikundi cha maombi hakina namba yako mpya. Hakuna aliyekukosea. Umeona tu huwahitaji.

Sisemi tuombe taabu irudi. Ndovu anavunja miti kweli, na asiyefukuzwa huacha kisiki. Ninachopinga ni ile dhana kwamba baraka ni kuondolewa adui peke yake. Ndoa nyingi hazibomolewi na tufani, zinatobolewa polepole, wakati hakuna ndugu aliye karibu kuuliza, "Mbona siku hizi umenyamaza?"

Mti hauna kumbukumbu ya ndovu. Wewe unakumbuka ni nani alisimama nawe.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kuomba lingine, mpigie simu mmoja wa wale waliokuombea ukiwa chini. Muulize anaendeleaje. Kama ana hitaji, mbebe. Na Jumatano, njoo hata kama huna shida yoyote. Hasa kama huna shida yoyote.