Taa ya kaske inawaka, na fare ya motokari je?

Ndugu zetu wa kazi, mama wa nyumba zetu,

Mbele ya kushuka mu shimo, kila mumoja wetu anaangalia taa ya kaske. Kama haiwake muzuri, delege anasema: rudi, badilisha. Hakuna anayebisha. Lakini saa kumi ya usiku, pale tunapanda motokari ya mwenzetu kwenda posti ya asubui, watu watano ao sita tumebanana, nani anapita mbele kuangalia fare? Zimekuwa za manjano na ukungu, kama macho ya muzee mwenye mtoto wa jicho, na siye tunasinzia tu.

Mwenzetu mumoja alikuwa anarudia nyumbani usiku ku barabara ya Kolwezi–Likasi. Mbele yake mutu wa makala alikuwa anasukuma kinga. Kinga haina taa, mifuko ni nyeusi, vumbi ya kaminyo iko bado hewani. Alimuona wakati amekwisha kumufikia. Mutu wa makala alivunjika mguu. Mwenzetu alilala polisi siku mbili. Kesho yake tulienda kuangalia ile motokari: fare zote mbili, hata balbu ya ndani haikuonekana.

Zamani fare zilikuwa za kioo. Tangu miaka ya 1980 wanatengeneza na plastiki ngumu, polikarbonati. Ni nyepesi, na jiwe haliipasue ovyo. Lakini jua linaikula. Njo maana kiwandani wanaipaka verni ya kuikinga. Verni ikiisha kwa jua na muchanga, plastiki inaanza kuungua. Na motokari tunazonunua siye zimekwisha kutumika miaka mingi ng'ambo. Nyingi zinatufikia verni imeisha kale. Chama cha wenye motokari cha Marekani, AAA, kilipima mu 2018: fare iliyozeeka hivi inatoa karibu asilimia 20 tu ya mwangaza wa fare mupya. Ikisafishwa vizuri, inarudi karibu asilimia 70.

Na kusafisha hakuombe garaji kubwa. Asubui moja ya siku ya mungu, mu lupango, inatosha.

Osha fare na maji na sabuni mpaka muchanga wote utoke. Bandika skochi pembeni, usikwaruze rangi ya motokari. Kamata papiye ya emeri ya maji, namba 800 ao 1000, sugua fare ikiwa imelowa, upande mumoja, kushoto kuume. Usisugue kamwe ikiwa kavu. Maji ya manjano yatatoka: ni ile verni ya zamani. Yakitoka meupe, pita na namba 2000, juu-chini, kisha 3000 kama unaipata. Hapo fare itakuwa nyeupe kama maziwa, usiogope. Paka pati ya kung'arisha rangi, sugua na kitambaa laini mpaka ione tena.

Watu wengi wanaishia hapo, na ni kosa. Plastiki iko uchi sasa, jua litairudilia kisha miezi michache. Ikaushe, paka verni ya wazi inayokinga jua, tabaka nyembamba mbili, iache ikauke kivulini. Wale wanaotumia dawa ya meno: inasaidia kidogo, kwa siku kidogo, lakini haikinge kitu. Na kama ukungu uko ndani ya fare, ni maji yameingia. Kusugua inje hakutasaidia, utafute pale panapovuja.

Usiku washa fare mbele ya ukuta. Mwangaza uwe sawa pande zote mbili, na usipande juu kupofusha wengine.

Hiyo ni kazi yetu. Lakini haiko yetu peke yetu. Kuko bisi za sutretansi zinazobeba watu arobaini na fare ambazo hata kuku haziwezi kumuona. Pale, mufanyakazi hawezi kuambiwa alete papiye yake. Tunaomba delege za sendika waandike fare mu orodha ya sekirite, pamoja na breki na pneu, na bisi yenye fare kipofu isitoke ku parkingi. Ni mulango wa mukubwa wa kazi tutakaopiga hodi.

Ndiyo, sheria inahesabia ajali ya njia ya kazi kuwa ajali ya kazi, na CNSS iko kwa ajili ya hiyo. Lakini karatasi ya CNSS hairudishe mguu, wala haimurudishe baba ku meza.

Mama, siku ya mungu hii, mbele ya kumupa baba bukari, muulize: fare umesafisha?